Arobaini Toa Nne

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama miradi ya kujenga ichukue nafasi ya vipindi vya hisabati katika shule za msingi. Mimi naona swali zito zaidi ni hili: nani apime? Mwalimu akija na mbao zilizokwisha kukatwa, watoto wakabaki kugongea misumari, hiyo ni kazi ya mikono tu. Hesabu ameshaimaliza yeye.

Chukua kasha la vitabu la darasa moja la tano. Kwa nje lilitakiwa liwe sm 60 kwa 40. Mbao zilikuwa na upana wa sm 15 na unene wa sm 2, na kitako cha plaiwudi kilishakatwa 60 kwa 40. Watoto wakakata mbao mbili za 60 na mbili za 40, bila kukosea hata milimita. Walipozisimamisha, fupi zikiwa katikati ya ndefu, upana ukawa 44. Kitako kikapwaya.

Wa kwanza akataka kitako kipya. Wa pili akataka kupunguza mbao fupi: 40 − 2 − 2 = 36. Wa tatu akageuza mpangilio: fupi zikae nje na 40 zake, ndefu zikatwe ziwe 56. Ukazuka ubishi, kasha la nani litabeba zaidi, mpaka walipohesabu nafasi ya ndani: yote mawili 56 kwa 36. Zidisha kwa kina cha 15, unapata sm za ujazo 30,240, yaani lita 30 na ushei. Kwa vipimo vya nje ungepata lita 36. Unene wa sm 2 tu umekula karibu lita 6!

Mbona mchoro haukuwaonya? Kwa skeli ya 1:10, sm 2 ni milimita 2 kwenye karatasi, nao walichora kila ubao kwa mstari mmoja wa penseli. Kielelezo cha karatasi ngumu nacho kilificha kosa, kwa kuwa karatasi ni nyembamba mno. Kila ubao uchorwe kwa mistari miwili, basi.

Mengine ni ya kawaida. Msumeno nao hula mbao, kwa hiyo pima kipande kimoja, kata, ndipo upime kinachofuata. Kabla ya kukaza, pima kona kwa kona ya mkabala, mishazari yote miwili. Ukipata 73 na 71, kasha limelala upande: sukuma kona zenye 73 mpaka vipimo vilingane.

Nilianza kuandika nikiwa na "ndiyo" mdomoni. Sasa nasita. Kutoa 4 kwenye 40 watoto wale walikujua. Kilichowapita ni kujua kwamba hapo panahitaji kutoa, na hilo mbao ziliwaonyesha. Lakini 56 × 36 × 15 haifundishwi na nyundo. Asiyezoea kuzidisha angekwama kwenye ubishi ule. Basi vipindi vibaki, labda kimoja kati ya vitano kiende kwenye ujenzi. Na mbao zikiwa za kuhesabika, au watoto wakiwa wa darasa la pili, mwalimu akate mwenyewe, ila kwa vipimo walivyoandika wao, hata kama ameshaliona kosa.