Injini Kuukuu Inapolia Tik-tik: Maswali na Majibu

Gari langu la zamani linalia tik-tik bila kukoma. Nianzie wapi?

Anzia kwenye oili. Egesha pahali tambarare, zima injini, subiri dakika 5 hadi 10, chomoa kijiti cha kupimia oili, kifute, kirudishe, ndipo usome. Ikiwa imepungua, ongeza kidogo kidogo. Kwenye magari mengi madogo, kutoka alama ya chini hadi ya juu ni kama lita 1. Taa nyekundu ya oili ikiwaka injini ikinguruma, zima papo hapo. Usiliendeshe hata kulifikisha kwa fundi.

Oili ikiwa sawa, weka masikio kazini kabla ya kununua spea yoyote. Kemshafti (mhimili unaofungua valvu, yaani vilango vya kuingiza hewa na kutoa moshi) huzunguka nusu ya kasi ya kranki (mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni), hivyo injini ikienda mizunguko 800 kwa dakika, valvu moja yenye kasoro hugonga mara 400, karibu mara 7 kwa sekunde. Beringi ya konrodi (fimbo inayounganisha pistoni na kranki) iliyokwisha hugonga kwa kasi inayokaribia maradufu ya hiyo, tena kwa sauti nzito ya chini. Ili kujua mlio unatoka wapi, gusisha ncha ya bisibisi ndefu kwenye chuma na mpini kwenye mfupa ulio karibu na sikio, ukihama kutoka tapeti kava (kifuniko cha juu ya injini) hadi ubavuni mwa bloku, kisha kwenye sampo (beseni la oili chini ya injini). Nywele na mikono ya shati viwe mbali na feni na mikanda.

Fundi anasema ni tapeti. Zinasetiwaje?

Kwanza hakikisha injini yako ina tapeti (sehemu zinazosukuma valvu zifunguke) za kuseti, yaani kurekebisha nafasi yake, kwa skrubu na nati. Nyingine ni za haidroliki (hujirekebisha kwa presha ya oili) na hazisetiwi hivyo. Vitabu vingi vya gari hutoa vipimo vya injini baridi, kwa hiyo iache ilale usiku kucha. Toa plagi ili izunguke kwa wepesi, fungua tapeti kava, kisha zungusha kranki kwa spana ya boksi kwenye bolti ya puli, kufuata upande inaozunguka yenyewe, mpaka alama ya taimingi ikae sawa.

Sasa shika roka (mikono midogo inayokandamiza valvu) za silinda ya 1. Zote zikichezacheza, uko mahali sahihi. Zikiwa zimebana, zungusha kranki duru moja kamili zaidi. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanaiamini alama peke yake, wanaseti valvu iliyofunguka, na kazi yote inakuwa bure.

Pitisha fila (bapa jembamba la kupimia nafasi) kati ya roka na valvu. Vipimo vya karibu milimita 0.20 kwa valvu za kuingiza na 0.30 za ekzosi ni vya kawaida, ila kinachotawala ni kitabu cha gari lako. Fila ipite kwa kukwaruza kidogo. Shikilia skrubu isigeuke huku ukikaza nati, halafu pima tena, maana kukaza nati husogeza skrubu. Ukimaliza silinda zote kwa utaratibu wa kitabu, funga kava kwa gasketi mpya.

Tafadhali usikaze mpaka mlio ufe. Valvu hupoa inapokaa kwenye kiti chake; isipofunga sawasawa gesi ya moto hupenya, ukingo wake unaungua na silinda inapoteza kompresheni. Tapeti inayosikika kidogo ni salama kuliko iliyobanwa ikawa kimya.

Inalia asubuhi tu, ikipata moto inanyamaza.

Ikinyamaza baada ya sekunde chache, huenda ni tapeti za haidroliki zilizopungukiwa oili usiku. Badilisha oili na filta, na uchague filta yenye kilango cha mpira kinachozuia oili kurudi chini.

Ikichukua dakika kadhaa, kagua manifoldi ya ekzosi (bomba linalokusanya moshi kutoka kwenye silinda). Gasketi iliyoungua au bolti iliyokatika huacha upenyo, na chuma kikipata moto kinatanuka na kuuziba. Mlio wa namna hii huongezeka ukikanyaga mafuta au ukipanda mlima. Tafuta masizi meusi kwenye maungio, hasa silinda za mwisho, ambako bolti hukatika zaidi. Usiahirishe: gesi hiyo ina monoksidi ya kaboni, na inaweza kuingia ndani ya gari.

Je, nikiweka oili nzito au dawa ya kuosha injini?

Oili nzito kuliko inayoruhusiwa na kitabu huchelewa kupanda juu injini ikiwa baridi, na wakati mwingine inaficha tu beringi inayokwisha. Dawa ya kuosha kwenye injini yenye tope jingi ni hatari zaidi: tope hubanduka kwa mkupuo na kuziba chujio la pampu ya oili. Badilisha oili mapema mara mbili tatu, tope litoke polepole.

Mlio ni mwepesi, wa haraka, karibu na injekta.

Injekta za umeme, zinazopuliza mafuta kwenye injini, hulia hivyo zikifunguka na kufunga. Zikilia zote kwa sauti moja, ziache.

Nitajuaje kama ni konrodi?

Kwenye injini ya petroli yenye koili (inayotoa umeme wa plagi) moja kwa kila silinda, zima injini, chomoa soketi ya koili moja na ya injekta yake, washa, sikiliza, rudisha, kisha nenda silinda inayofuata. Mlio wa kugonga ukipungua sana silinda fulani ikizimwa, mzigo umeondoka kwenye konrodi au pistoni yake. Tapeti haitabadilika kwa jaribio hilo. Kwenye dizeli za zamani mafundi hulegeza nati ya bomba la nozeli. Kwenye komonreli (mfumo wa mafuta wa dizeli za kisasa) usiguse kabisa, presha yake hupenya ngozi.

Jaribio likielekeza kwenye konrodi, mwaga oili kwenye beseni safi na ukate filta. Ukikuta vipande vinavyong'aa au vyenye rangi ya shaba, usiiwashe tena kabla ya kufungua sampo na kukagua beringi.