Maswali ya Wasomaji: Panya wa Maabara Wakati wa Korona

SWALI: Mwaka 2020 maabara nyingi za utafiti wa ubongo Marekani na Ulaya zilifungwa. Zilipofunguliwa, mbona hazikuendelea pale zilipoishia? Panya si walikuwepo?

JIBU: Walikuwepo, lakini walikuwa wamezeeka, na katika utafiti wa kumbukumbu umri ni jambo kubwa. Mimba ya panya mdogo wa maabara ni siku 19 hadi 21, watoto huachishwa kunyonya wakitimiza wiki 3, na majaribio mengi hutaka wenye wiki 8 hadi 12. Usipozalisha Machi, Juni huna mnyama. Ukiwaacha wazaane, vizimba hufurika na wahudumu ni wachache.

Ndiyo maana maabara zilibakiza jozi chache tu, koo nyingine, yaani nasaba za panya, zikahifadhiwa kwa kugandisha mbegu zao. Mbegu za dume huchanganywa na maji yenye rafinosi (aina ya sukari) asilimia 18 na unga wa maziwa yasiyo na mafuta asilimia 3, hufyonzwa kwenye mirija myembamba ya plastiki, hushikiliwa dakika 10 hivi kwenye mvuke wa nitrojeni ya kimiminika, kisha huzamishwa kwenye kimiminika chenyewe, nyuzi 196 za Selsiasi chini ya sifuri.

Kosa baya ni kuua panya wote wa koo kabla ya kuyeyusha mrija mmoja na kujaribu kutungisha yai. Mbegu za C57BL/6, panya weusi wanaotumika sana, hudhoofika mno zikigandishwa. Nitrojeni nayo hugeuka mvuke na kupungua: chovya kijiti ndani yake, kitoe, upime barafu nyeupe iliyoshika imefika wapi. Ikipungua, jaza siku hiyo hiyo.