Fremu za skrepa zina rangi na anodaizi: nizisafishe vipi kabla ya kuchomelea alumini?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina kibanda cha kuchomelea hapa Mwanjelwa, Mbeya. Nanunua fremu za madirisha na mabomba ya alumini kwa watu wa skrepa, natengeneza keria za pikipiki na ngazi. Mashine ni TIG (ya sindano ya tangsteni na gesi ya kukinga mshono), natumia mkondo geu (AC) na gesi ya agoni safi, lakini moto unarukaruka, haushiki, na mshono unatoka mweusi una vitobo. Rangi huwa naichoma kwa gesi kisha napiga brashi ya waya. Mwenzangu mmoja anasema nitumbukize kwenye kostiki soda, mwingine anasema nipulizie dawa ya kusafishia breki. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba. Huyo wa dawa ya breki usimsikilize kabisa. Baadhi ya makopo yale yana viyeyushi vyenye klorini, na mvuke wake ukikutana na joto na mwanga mkali wa kuchomelea hugeuka fosijeni, gesi iliyoua askari wengi katika Vita Kuu ya Kwanza. Unaweza kuivuta asubuhi ukajiona mzima, mapafu yakaanza kujaa maji baada ya saa kadhaa. Usijidanganye kwamba imekauka, maana kwenye pembe na ndani ya bomba hubaki. Grisi itoe kwa asetoni na kitambaa safi, uache ikauke, chupa ikae mbali na moto.

Sasa tuje kwenye fremu zako. Nyeupe na kahawia nyingi zina rangi ya unga iliyookwa. Za fedha au shaba zinazong'aa kwa ufifi mara nyingi ni anodaizi. Chukua mita ya umeme, iweke kwenye kupima mwendelezo (inalia umeme ukipita), gusa ncha mbili juu ya fremu bila kukwaruza. Isipolia, kuna tabaka lisilopitisha umeme. Ndiyo maana moto wako unarukaruka. Angalia na kibano cha ethi (cha waya unaorudisha umeme kwenye mashine) pia: mafundi wengi husafisha mahali pa mshono, halafu wanabana ethi juu ya rangi.

Anodaizi si rangi. Ni oksidi ya alumini iliyokuzwa kiwandani kwa umeme, na kwenye madirisha huwa na unene wa maikroni 10 hadi 25 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), maelfu ya mara zaidi ya ile inayojiotea yenyewe hewani. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 hivi, oksidi yake inangoja zaidi ya 2,000. Kwa hiyo alumini inayeyuka ndani ikiwa imefungwa kama uji kwenye mfuko wa nailoni. Mkondo geu huvunja oksidi nyembamba, lakini hiyo ya kiwandani hauiwezi.

Kwa kazi ya kibandani, mimi nachagua grenda yenye diski ya msasa. Toa sentimita 3 hivi kila upande wa mshono, pande zote mbili za bati, na kwenye kingo. Diski hiyo isiwe imewahi kugusa chuma cha kawaida. Jiwe la grenda ya mezani usilitumie: alumini inaziba vinyweleo vyake, linapata moto na linaweza kupasuka usoni kwako. Vaa barakoa, hasa kwenye rangi za zamani zinazoweza kuwa na risasi (madini ya ledi, yenye sumu).

Kuchoma rangi kwa gesi acha. Moshi wake ni mbaya, masizi yanabaki, na alumini haiwi nyekundu ikakuonya. Unashtukia imelainika au imeanguka.

Kostiki soda inafanya kazi, tena vizuri, kwenye vipande vyenye kona ambazo diski haifiki. Tumia ndoo ya plastiki, gramu 50 kwa lita moja ya maji, na soda ndiyo iingie kwenye maji, kamwe si maji juu ya soda. Fanyia nje: yale mapovu ni haidrojeni, cheche moja inatosha. Miwani na glovu za mpira ni lazima. Rangi ya unga itoe kwanza kwa msasa. Mapovu yakishakuwa mengi na ya kasi, anodaizi imekwisha na sasa soda inakula alumini yako, basi itoe. Suuza sana, hasa ndani ya bomba, na sugua ule weusi unaobaki.

Vile vitobo chanzo chake ni haidrojeni, inayotoka kwenye mafuta, rangi na unyevu. Ndiyo maana asetoni inatangulia, brashi inafuata. Ukianza na brashi unapaka mafuta ndani ya mikwaruzo. Brashi iwe ya chuma kisichoshika kutu, ya alumini pekee. Na kwa baridi ya Mbeya ya Juni na Julai, bomba lililolala nje ukiliingiza kwenye kibanda chenye joto linatoka jasho. Liache lilingane na joto la ndani, au lipashe kidogo tu likauke, kisha chomelea siku hiyohiyo.

Keria endelea nazo. Ngazi nakushauri uzifunge kwa riveti au bolti, kwa sababu alumini ya madirisha inaweza kupoteza hata nusu ya nguvu yake pembeni mwa mshono, hata mshono ukiwa safi, na ngazi inapandwa na mtu.