Kitufe cha kuchapa kwenye paneli ya Xfce, kama tunavyokitumia dukani

Mkuu, umeuliza kama kwenye Xfce, eneo-kazi la Linux, unaweza kuweka kitufe kwenye paneli, ukaburuta faili la mteja ukaliachia pale, likachapwa bila kufungua programu yoyote. Inawezekana, na huna haja ya kupakua kitu. Kompyuta ya steshenari yetu ni ya Xubuntu (Ubuntu yenye Xfce) na ndivyo tunavyofanya, hasa asubuhi wanafunzi wakishajipanga na flash mkononi.

Kwanza lijue jina la printa kama CUPS, mfumo unaosimamia printa kwenye Linux, inavyolitambua. Fungua terminali:

lpstat -e

Tuseme limetoka LaserJet. Bofya kulia kwenye paneli, nenda kwenye kuongeza vitu vipya, chagua Launcher (kizinduzi), kisha kwenye sifa zake tengeneza kipengele kipya. Sehemu ya amri weka:

lp -d LaserJet -o media=A4 %F

Hiyo %F ndiyo inayobeba mafaili yote uliyoyaachia kwa mkupuo. Ukiandika %f ndogo, kila amri inapokea faili moja tu. Na media=A4 usiiache. Mashine iliyosetiwa Kimarekani hudhani karatasi ni Letter, mm 216 kwa 279, wakati A4 ni 210 kwa 297. Printa nyingi hapo husimama tu na kuwasha taa, zikidai karatasi ambayo huna.

Mteja wa notsi anataka kurasa mbili upande mmoja, mbele na nyuma. Usirundike hayo yote kwenye amri ya kitufe. CUPS inakuruhusu kuipa printa ileile jina la ziada lenye mipangilio yake:

lpoptions -p LaserJet/notsi -o media=A4 -o number-up=2 -o sides=two-sided-short-edge

Kizinduzi cha pili kinabaki kifupi: lp -d LaserJet/notsi %F. Siku ukitaka kubadili mpangilio, unarudia lpoptions, paneli huigusi. Angalia nimeweka short-edge (kugeuza kwa ukingo mfupi), siyo long-edge (ukingo mrefu). Kurasa mbili zikikaa pamoja karatasi inasomwa kwa ulalo, kwa hiyo ukitumia long-edge msomaji akifunua kama kitabu anakuta upande wa nyuma umesimama kichwa chini. Jaribu kwanza kwa karatasi moja kabla hujaachia kitini kizima.

Faili za Word ni habari nyingine. lp inachapa PDF, picha na maandishi matupu, lakini docx haiijui. Kuna watakaokwambia uweke libreoffice --headless --pt LaserJet %F. Inafanya kazi, ila mimi siiweki. CV nyingi zinaletwa zimeandikwa kwa fonti ya Calibri. LibreOffice ikiikosa hutumia Carlito, ambayo herufi zake zina upana uleule, lakini kama na hiyo haipo kwenye mashine, mistari inasogea na CV ya kurasa mbili inamwagikia ya tatu. Mteja anaitazama karatasi, anasema “hii siyo yangu”, na karatasi na wino ni vyako. Kwa hiyo sakinisha fonts-crosextra-carlito, na docx ifungue, itazame, itoe kama PDF, ndipo uiachie kwenye kitufe. Hata PDF chungulia idadi ya kurasa, maana kitufe hakikuulizi kama una uhakika.

Ndiyo maana pembeni nimeweka kitufe cha tatu chenye ikoni nyekundu, amri yake cancel -a tu. Akaunti yako iwe kwenye kundi la lpadmin, yaani la wanaoruhusiwa kusimamia printa, la sivyo itakugomea. Kurasa ambazo zimeshaingia kwenye kumbukumbu ya printa zitatoka hata hivyo. Hapo chomoa trei ya karatasi.

Karatasi ikikwama, ukaitoa, na bado kazi zinasubiri foleni, mara nyingi CUPS imeisimamisha printa. Amri ni cupsenable LaserJet, au fungua localhost:631 kwenye kivinjari uiwashe kutoka huko.