Kabla hujanunua kamera ya roboti ya majini, yajue maji yako

Juzi kijana mmoja wa Kigoma kaniandikia: "Shikamoo kaka. Naunda roboti ya kuzama ziwani. Fremu tayari, mota tayari, imebaki kamera. Nimejichanga nimepata laki tatu. Kamera gani ina megapikseli nyingi kwa hela hiyo?" Tangu video ya roboti yangu ikikagua vizimba vya samaki ianze kuzunguka kwenye simu za watu, ujumbe wa namna hii naupata kila mara, na karibu wote wanaulizia megapikseli, yaani mamilioni ya pikseli, zile nukta zinazounda picha. Nimeona nimjibu hapa ili na wengine wenye ndoto kama yake wasome.

Marahaba, mdogo wangu. Kwanza niambie: ukisimama gatini ukatazama chini, unaona mpaka wapi? Mimi niko Mwanza. Maji yetu ya kando ya ziwa ni ya kijani, yamejaa mwani na tope laini, na nikiona mita mbili mbele ya roboti nashukuru. Wewe uko Ziwa Tanganyika, ambako mtu anakaa ndani ya mtumbwi akahesabu mawe yaliyo chini. Kwa hiyo kamera iliyonitoa mimi huenda isiwe yako. Chukua sahani nyeupe, ifunge jiwe kwa chini, ifunge na kamba yenye fundo kila nusu mita, uishushe mpaka ipotee machoni. Wataalamu wa maziwa wana kisahani chao cha kazi hiyo, kinaitwa cha Secchi, kwa jina la padri Mtaliano aliyefanya majaribio nacho mwaka 1865. Kina utakachopata hapo ndicho kitakachochagua kamera. Duka lije baadaye.

Mimi nilianza kwa sababu ya mama mmoja anayefuga sato kwenye vizimba. Samaki walikuwa wanapungua, chakula kinamwagwa kilekile, na hakuna aliyejua wanapitia wapi. Mzamiaji alikuwa haji mpaka alipwe vizuri, na akija anapapasa tu, kwa sababu kwenye maji yale hata yeye haoni. Nikafunga kwenye roboti yangu kamera ya rivasi, ile inayowekwa nyuma ya gari, nikaivutia waya wa intaneti, nikaunganisha na skrini ndogo ya gari.

Kabla ya kufika kwenye kizimba niliipeleka kwenye maonyesho ya wabunifu. Jaji mmoja akaiinua, akatazama mbele, akauliza, "Hii si ya gari hii?" Nikamwambia ndiyo. Akacheka, akaiweka chini, akahamia meza ya jirani kulikokuwa na kamera ya michezo ya bei mbaya, zile ndogo ambazo watu hujifunga wakiendesha baiskeli au kuogelea. Hakuniuliza ilikuwa inafanya nini wala kwa nini niliichagua. Zawadi ikaenda huko. Liliniuma, na nikilikumbuka linaniuma mpaka leo, kwa sababu kuichagua kamera yangu nilikuwa nimeumiza kichwa kuliko alivyodhani.

Sikiliza kwa nini. Kamera ya rivasi inatoa picha ya analogi, kama ya televisheni za zamani, na picha hiyo inafika kwenye skrini papo hapo. Inatumia volti 12, betri ileile ya mota. Ukiweka balun (kiunganishi kidogo cha kupitisha picha kwenye nyaya hizo) kila upande, picha inasafiri kwenye jozi moja tu ya nyaya zilizosokotwa ndani ya kebo ya intaneti, umbali ambao hutaumaliza ziwani. Kamera nyingi za CCTV za mtandao zina picha kali zaidi, lakini picha inaweza kuchelewa nusu sekunde au zaidi. Fanya hesabu: roboti inayokwenda nusu mita kwa sekunde, picha ikichelewa nusu sekunde, imeshasogea sentimita 25 ndipo wewe uone. Pembeni ya nyavu, sentimita 25 zinatosha kabisa kunasa propela.

Kuna mambo ya kukagua dukani kabla hujatoa hela. Kamera hizi nyingi zinageuza picha, kulia inakuwa kushoto, kama kioo cha dereva, na zinachora mistari ya kuegeshea gari katikati ya picha. Baadhi zina vijiwaya viwili vidogo vilivyopindwa kama kitanzi: ukikata kimoja picha inageuka kawaida, ukikata kingine mistari inaondoka. Tafuta zenye vitanzi hivyo. Na muuzaji akikwambia "hii IP68, haiingii maji", mjibu kwamba alama hiyo inategemea kina alichopimia mtengenezaji, mara nyingi mita moja au moja na nusu. Kila mita 10 za maji zinaongeza mgandamizo wa karibu kilo moja kwa kila sentimita ya mraba. Kioo cha duara chenye upana wa sentimita 10 kikishuka mita 10 kinasukumwa na uzito wa karibu kilo 80. Hapo lazima kamera ikae ndani ya kasha lako mwenyewe.

Ile kamera ya michezo ya meza ya jirani? Ni nzuri sana kwa kurekodi. Lakini picha ya moja kwa moja inaitoa kwa Wi-Fi, na Wi-Fi haipiti kwenye maji hata mita moja. Unaendesha gizani, halafu ukishaitoa ndipo unatazama ulipopita. Ukiwa nayo ifunge juu ya roboti irekodi, ila uendeshe kwa nyingine.

Sasa turudi kwako, maana maji yako ni maangavu na wewe una haki ya picha nzuri kuliko yangu. Kwako kamera ya dijitali na kompyuta ndogo ya Raspberry Pi inakubali. Lakini megapikseli uziache. Kamera ya Raspberry Pi toleo la pili ina megapikseli 8, na kila pikseli ina upana wa mikroni 1.12 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Kamera ya mwanga hafifu ambayo kampuni ya Blue Robotics waliitengeneza kwa roboti za majini ina megapikseli 2 tu, sensa yake, yaani kipande kinachopokea mwanga, ni Sony IMX322, na pikseli yake ina mikroni 2.8. Ukipiga eneo, pikseli moja ya kamera ile inapokea mwanga zaidi ya mara sita. Chini ya maji mwanga ni wa kugombania, na mwenye pikseli kubwa ndiye anayeona. Kamera ile pia inabana picha yenyewe kwa H.264, njia ya kupunguza ukubwa wa video, jambo la maana sana ukiwa na Raspberry Pi 5, kwa sababu hiyo haina tena kifaa cha kubana video ambacho Pi 4 inacho. Kama huwezi kuiagiza, tafuta ya USB yenye sifa hizo: pikseli kubwa, H.264 ndani, lenzi unayoweza kuizungusha kwa mkono. Fokasi ya kujirekebisha yenyewe iepuke, itahangaika na kila chembe inayopita. Na USB mwisho wake ni mita 5, kwa hiyo kompyuta ishuke na roboti, na kebo ya intaneti ndiyo ipande juu, mwisho mita 100.

Lenzi nunua pana kuliko unavyodhani. Ukiiweka nyuma ya kioo bapa, maji yanaipunguza: lenzi ya digrii 120 inabaki na kama 81, ya digrii 90 inabaki na kama 64. Kuba la akriliki, ile plastiki angavu kama kioo, linakurudishia upana huo, mradi lenzi ikae katikati kabisa ya kuba, nawe uiwekee fokasi ya karibu. Pima kwenye pipa la maji nyumbani, si mezani.

Na taa! Hela utakayoiokoa kwenye kamera ipeleke kwenye taa. Ziweke mbali na lenzi, pembeni, zikiangalia mbele kwa pembe. Ukizibandika jirani na lenzi zitaangaza tope lililo mbele yako, utaona weupe mtupu, kama dereva aliyewasha fulu kwenye ukungu. Zile taa nyekundu za usiku za kamera za CCTV zizime kabisa: mwanga wake unamezwa na maji haraka, na unaobaki unagonga kioo cha kasha na kukurudia.

Siku ya kizimba, mama alikuwa ameinama juu ya skrini, kanga ameikinga juani ili aone. Nyavu zilipita macho kwa macho, mwani umening'inia. Ghafla akapiga kelele, "Simama hapohapo, mwanangu! Rudi kidogo." Palikuwa na macho matatu ya wavu yamekatika na kuwa tundu moja, na sato wadogo wanapenya humo mmoja mmoja bila haraka. Picha haikuwa nzuri, rangi imefifia, lakini tundu lilionekana, na jioni ileile lilishonwa. Kwa kamera ya gari.

Vijana wenzangu, tuache kununua majina. Tunakariri sifa za vifaa ambavyo hatujawahi kuvitia majini, halafu tunawadharau waliotia. Mtu akikucheka muulize maji yake yana kina gani cha kuona. Kama hajapima, hana la kukufundisha.

Jambo la mwisho, dogo, lakini linaharibu kazi: ukungu ndani ya kioo. Kasha ukilifunga asubuhi yenye unyevu kando ya ziwa, likigusa maji ya baridi lenzi inafifia. Lifungie ndani ya chumba kikavu, na uweke humo vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, uvikaushe kwanza. Namna ya kuziba tundu la waya lisivuje nitaiandika wiki ijayo, nikishamaliza kasha jipya.