Kwa nini Decatur County, Indiana, ina jina la mwanamaji

Umeuliza kwa nini kaunti ya wakulima wa mahindi na soya, mbali kabisa na bahari, ikaitwa kwa jina la mwanamaji. Sababu ni wakati ilipoundwa. Mwanamaji huyo, Stephen Decatur wa jeshi la majini la Marekani, alifariki Machi 1820, na takriban miaka miwili baadaye Indiana ikawa inakata kaunti mpya. Jina lake bado lilikuwa midomoni mwa watu, na ndiyo maana Georgia, Tennessee, Iowa na Kansas nazo zina Decatur County zao.

Umaarufu wake ulianzia Tripoli, Afrika Kaskazini, Marekani ilipokuwa vitani nayo. Manowari ya Marekani, Philadelphia, ilikwama mwambani mwaka 1803 ikatekwa pamoja na mabaharia wake. Februari 1804, Decatur, luteni wa miaka 25, aliingia bandarini usiku kwa jahazi ambalo Wamarekani walikuwa wameliteka, Intrepid, watu wake wengi wakiwa wamejificha. Walipanda Philadelphia, wakaitia moto, wakatoka chini ya mizinga ya ngome bila kupoteza hata mtu mmoja. Kwangu mimi, hilo linazidi hata ushindi wake wa 1812 dhidi ya manowari ya Waingereza, Macedonian.

Kinachoniuma ni kifo chake: aliuawa na ofisa mwenzake, James Barron, katika pambano la bastola huko Bladensburg, Maryland, akiwa na miaka 41 tu.

Ukifika Greensburg, makao makuu ya kaunti, inua macho utazame mnara wa mahakama. Kuna mti umeota juu kabisa, na imekuwa hivyo tangu miaka ya 1870.