Maswali Yenu: Kiunganishi Kikuu Kipite Wapi?

Barua za safari hii nyingi zinahusu kile kipande cha chuma kinachounganisha upande wa kulia na wa kushoto wa meno bandia ya kuvua, yaani kiunganishi kikuu. Tumejibu tano.

Mimi ni fundi wa maabara. Naletewa modeli ya taya la chini na karatasi imeandikwa "fremu ya kobalti-kromu, weka baa ya ndani" (kiunganishi chembamba kinachopita upande wa ndani, nyuma ya meno ya chini), basi. Nikipima kwenye plasta naona nafasi ipo tele, lakini mgonjwa akivaa analalamika kuwa ulimi unagonga chuma. Nakosea wapi?

Unapima plasta, na plasta hiyo inakudanganya. Trei ya aljineti (unga wa kuchukulia chapa ya kinywa) inapokandamizwa husukuma sakafu ya kinywa chini, tena ulimi ukiwa umelala. Modeli ikimiminwa, ukuta wa ndani wa taya hutokea mrefu kuliko unavyokuwa mgonjwa anapomeza, anapoongea au kulamba midomo. Baa uliyoichora chini kabisa inajikuta katikati ya njia ya ulimi.

Kipimo huchukuliwa kinywani, na mwenye kazi hiyo ni daktari. Mgonjwa agusishe ncha ya ulimi kwenye mdomo wa juu na abaki hivyo. Daktari asimamishe probu ya fizi yenye alama za milimita upande wa ndani wa meno, asome umbali kutoka ukingo wa ufizi hadi sakafu ilipopanda. Asome nyuma ya meno ya kati, ya chonge, na ya magego madogo, kulia na kushoto, kisha aandike namba hizo kwenye fomu ya maabara. Wewe unazihamishia kwenye modeli kwa penseli na kuunganisha alama. Mstari huo ndio mwisho wa baa kwa chini.

Sasa rudi juu. Ukingo wa juu wa baa ukae angalau milimita 4 chini ya ukingo wa ufizi, na baa yenyewe iwe na kimo kisichopungua milimita 4. Jumla ni 8. Sehemu inayoamua mara nyingi ni ile ya katikati, palipo na kijikano cha chini ya ulimi, kwa hiyo usifurahie 10 za kwenye magego madogo kama katikati ni 6. Pakipungua 8, usiibane baa iwe nyembamba wala usiipandishe ikaribie ufizi. Badili muundo, uende kwenye bamba tunalolieleza hapa chini.

Umbo la baa ukiikata likatwe kama nusu ya pea: nene chini, likichongoka taratibu kuelekea juu, ili ulimi usikute ngazi. Na karatasi isiyo na namba irudishe ilikotoka. Tunajua fundi anayerudisha kazi huonekana msumbufu, lakini kuyeyusha na kumimina upya ni usumbufu mkubwa zaidi.

Mgonjwa wangu hana magego yote ya juu, pande zote mbili. Hataki kaakaa lifunikwe, anasema anatapika. Nimefikiria kiunganishi cha umbo la U kinachopita mbele tu. Mnaonaje?

Tunaona ni chaguo baya zaidi kwa kinywa hicho. Pengo lililo wazi nyuma pande zote mbili, daraja la kwanza katika mpango wa Kennedy wa mwaka 1925 wa kugawa mapengo ya meno, ndilo linalohitaji kiunganishi kigumu kuliko mengine yote, na U ndiyo yenye kunepa kuliko zote. Ncha zake mbili za nyuma hazijafungwa na kitu. Mgonjwa akitafuna upande mmoja, ncha hiyo hufunguka na kufunga kidogo. Nguvu ambayo ingegawanywa kwa taya zima inaishia kwenye jino moja lililoshikwa na klaspu (kishikizo cha chuma), likisokotwa kila mlo. Baada ya muda jino linaanza kucheza, na lawama inaenda kwa klaspu.

Unaweza kuipa U ugumu kwa kuinenepesha, lakini unene huo utakaa juu ya mikunjo ya kaakaa nyuma ya meno ya mbele, mahali ulimi unapohitaji nafasi ya kutamka.

Tumia mikanda miwili: mmoja mbele, mmoja nyuma, iliyounganishwa pembeni. Duara hilo lililofungwa, likiwa na sehemu zilizolala katika pembe tofauti za kaakaa, hukataa kupinda hata chuma kikiwa chembamba. Mkanda wa nyuma uwe bapa, upana usipungue milimita 8, ukae kwenye kaakaa gumu kabla ya kaakaa laini kuanza. Uwazi wa katikati ukiwa chini ya milimita 15 kutoka mbele hadi nyuma hauna faida, uzibe.

Kuhusu kutapika: kinachochokoza koo mara nyingi ni chuma kilichovuka hadi kwenye kaakaa laini, au ukingo unaochezacheza. Chuma kilichotulia kwenye kaakaa gumu husahaulika. Kwa hiyo U inayonepa inaweza kumtapisha mgonjwa huyo kuliko mkanda anaouogopa. Iweke akiba kwa kinywa chenye uvimbe wa mfupa katikati ya kaakaa ulioenea nyuma kiasi cha kukosa nafasi ya mkanda, ambayo ni kama milimita 6 hadi 8 kati ya uvimbe na kaakaa laini, na usioweza kuondolewa kwa upasuaji.

Shikamooni. Mimi ni mwanafunzi. Nikiwa na modeli ya juu mbele yangu sijui penseli ianzie wapi. Pia, ule mfereji wa ukingoni unachongwa taya zote mbili?

Marahaba. Usianze na kiunganishi. Utaratibu aliouandika mtaalamu wa meno bandia Blatterfein mwaka 1953 bado unafaa: chora kwanza maeneo yatakayobeba vitako vya meno (sehemu za meno bandia zinazokaa juu ya pengo), kisha yasiyotakiwa kuguswa, yaani ufizi ulio ndani ya milimita 5 hadi 6 kutoka kwenye meno, mshono mgumu wa katikati ya kaakaa, uvimbe wa mfupa na kaakaa laini, kilichobaki ndicho kiwanja cha kiunganishi. Hapo uchague aina, halafu uunganishe yote kwa mistari laini isiyo na kona kali.

Mipaka yenyewe ina adabu zake. Chuma kikae milimita 6 mbali na ufizi, au kipandishwe hadi kwenye meno kabisa. Nusunusu ndiyo inayokusanya chakula na kuvimbisha fizi. Ukingo wa mbele ufuate bonde kati ya mikunjo miwili, usipande mgongo wa mkunjo. Mstari unapovuka katikati uvuke kwa pembe mraba.

Mfereji ni wa taya la juu tu. Chonga kwenye modeli, upana na kina cha milimita 0.5 hadi 1, ukififia unapokaribia ufizi wa meno na unapopita juu ya mshono mgumu. Hufanya ukingo wa chuma ujikandamize kidogo kwenye nyama, chakula kisipenye. Chini utando ni mwembamba mno. Ukichonga huko utatengeneza kidonda.

Meno ya mbele ya chini yanacheza, nafasi ya baa ni milimita 6. Nikiweka bamba la upande wa ndani, halitayasukuma nje?

Litayasukuma, kama halina egemeo (kipande cha chuma kinachokaa juu ya jino) kila mwisho. Bamba linapolala kwenye mteremko wa nyuma ya meno hufanya kazi kama kabari: likishuka, meno yanaenda mbele. Kwa hiyo tayarisha vikalio vya maegemeo hayo kwenye chonge au magego madogo ya kwanza, pande zote mbili, ili uzito ushuke hapo na bamba libaki limegusa tu.

Ukingo wa juu ufuate umbo la kila jino, upandishwe hadi theluthi ya kati na kuingia katikati ya meno kufikia yanapogusana, uwe mwembamba hadi ulimi usiutambue. Chini, umbo la nusu ya pea libaki palepale. Bamba ni baa iliyopandishwa, si karatasi ya bati. Ziba kwa nta sehemu zilizobonyea na achia nafasi kwenye ukingo wa ufizi kabla ya kunakili modeli. Faida yake nyingine ni kwamba jino liking'oka baadaye, jipya huunganishwa kwenye bamba hilohilo. Hasara ni usafi, maana mate na ulimi havifiki nyuma ya meno: mgonjwa asiyepiga mswaki vizuri usimpe.

Nimevaa meno ya chini ya chuma kwa mwaka mzima bila shida. Sasa baa imeanza kunichubua nyuma ya meno ya mbele. Nimwombe fundi aisage?

Hapana. Ugumu wa chuma hufuata kipeo cha tatu cha unene: baa ya milimita 2 ikisagwa hadi 1.5 hubaki na asilimia 42 hivi ya ugumu wake. Itaacha kuchubua kwa muda, ianze kunepa.

Kama huna magego ya nyuma, inaelekea mfupa chini ya kitako umepungua. Kitako kikizama nyuma, fremu huzunguka kwenye maegemeo yake na baa iliyo chini yake husogea mbele, ikabonyeza nyama. Daktari ataliona hilo akibonyeza kitako kwa kidole upande wa nyuma: vipande vya chuma vilivyolala juu ya meno ya mbele vitanyanyuka. Tiba ni kujazia kitako upya upande wa ndani, na wakati wa kuchukua chapa daktari ashikilie fremu kwenye maegemeo kwa vidole vyake, wewe usiume. Ukiuma, kitako kitazama tena na kosa litagandishwa.

Kidonda kingetokea siku za kwanza tungeshuku maabara: chini ya baa huachwa nafasi, kama milimita 0.25 meno yakiwepo mbele na nyuma ya pengo, na hadi 0.5 pasipo na jino nyuma. Kwa sasa vua usiku, uyaweke majini, na usiyakunje mwenyewe.